Sanduku la ukungu: shajara ya kumjengea chura wa Taita makao Mombasa

7 Juni, Jumamosi

Mbao zimekatwa leo. Sanduku litakuwa na urefu wa sentimita 90, kimo 60 na kina 45. Nyuma na ubavuni mbao, mbele kioo. Ndani tutaweka kipande cha msitu wa milimani: gogo linalooza, majani makavu, kangaga, kuvumwani (ile mimea laini inayotanda mahali pasipokauka), na ukungu. Ukungu wenyewe unaolowesha mkono, si mchoro wake. Tarehe 30 Agosti litakuwa ukumbini hapa Tudor, watoto wa mtaa waje walitazame.

Tuko 12, mimi na wanafunzi 11 wa chama cha baiolojia. Pesa ni za michango, na mpaka sasa zatosha mbao, kioo kimoja na gundi ya silikoni.

Mwenye makao haya ni chura ambaye hata kwetu pwani ni wachache waliowahi kumsikia. Wanasayansi humwita Callulina dawida. Dawida ni jina ambalo Wataita wenyewe huiita milima yao, na duniani kote chura huyu hapatikani kwingine ila kwenye vipande vya msitu vilivyobaki huko juu. Alipewa jina rasmi mwaka 2009 na watafiti wanne, Loader, Measey, de Sá na Malonza. Kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, yuko daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Kilichonifanya nimchague ni uzazi wake. Vyura wengi wa huku chini hutaga majini. Mayai hutoa viluwiluwi, viluwiluwi huota miguu. Pita kando ya dimbwi lolote la Kisauni wakati wa masika utawaona wakichezacheza. Chura wa Dawida hana kiluwiluwi. Hutaga nchi kavu, mahali palipofichika penye unyevu, mayai makubwa yenye kiini kingi, na mtoto hukamilikia humo humo ndani ya yai mpaka atoke akiwa chura kamili. Jike hukaa na mayai yake akiyalinda. Sasa fikiria yai lisilo na ganda gumu, halimo majini, limewekwa tu juu ya udongo. Kinachozuia jua na hewa kulikausha ni hewa yenyewe kuwa imelowa, usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Ndiyo maana hatujengi tangi la maji.

Nimeweka sharti moja na sitalilegeza: hakuna chura hai atakayeingia sandukuni. Kumtoa msituni bila kibali ni kosa, na hata kibali kingekuwepo, Mombasa ingemuua. Chura wetu atafinyangwa kwa udongo. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alinyamaza kwa huzuni niliposema hivyo. Nilimwambia asubiri tufike Agosti, ataelewa mwenyewe.

14 Juni, Jumamosi

Fundi wa friji kutoka Makupa ametuletea mtambo wa friji kuukuu. Kompresa bado nzima, gesi aliijaza mwenyewe.

"Mwalimu, wataka baridi ya kuwekea soda ama ya kugandisha nyama?"

"Nataka ya Taita usiku, fundi. Digrii 15, ishuke kidogo ikiweza."

Akakuna kichwa. Friji imezoea digrii nne, na kuikalisha 15 bila kupanda wala kushuka kumbe ni kazi ngumu zaidi kuliko kuiacha igandishe. Alifunga thamostati nyingine, akaijaribu mara tatu, na saa tisa alasiri kipimajoto kikasoma 16. Watoto walipiga makofi.

Dakika ishirini baadaye hatukuona kitu. Kioo kilikuwa kimetoka jasho, tena kwa nje. Ukipangusa kwa kitambaa, unahesabu mpaka thelathini kimeziba tena, na maji yanachuruzika mpaka sakafuni. Hapo ndipo nilipolazimika kusimama mbele ya watoto na kueleza jambo ambalo nimelifundisha ubaoni miaka mingi bila kuliona likinilowesha miguu: hewa ya Mombasa imebeba mvuke mwingi mno, na inapogusa kitu baridi hushindwa kuubeba wote, ikautua pale pale.

Dawa ni vioo viwili vyenye nafasi katikati, na ndani ya nafasi hiyo vifuko vile vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kila mwanafunzi ameahidi kuvitafuta nyumbani. Kioo cha pili hakikuwa kwenye bajeti.

21 Juni, Jumamosi

Ukungu umepatikana. Tumetumia kisahani kinachotetemeka chini ya maji; kasi ya mtetemo wake hurusha matone madogo kiasi kwamba yanaelea. Ulijaa sandukuni ukapanda taratibu mpaka ukafunika gogo. Kuvumwani tuliibandua kwenye kuta za matumbawe za nyumba ya jirani, pale nyuma ya tangi ambapo hapakauki. Kwa siku mbili lilikuwa jambo la kupendeza kulitazama.

Leo tumefungua tukakuta kila kitu kina vumbi jeupe, kama mtu amekuja na unga wa ngano akaupepetea majani. Kangaga zimeanza kujikunja ncha. Nilionja kwa ulimi: chumvi. Maji tuliyotumia yalikuwa ya kisima, na visima vya kisiwa hiki anayevijua anavijua. Kisahani hakichemshi maji, kinayarusha na kila kilichomo ndani yake. Tone likikauka, chumvi yabaki.

Kuvumwani imekufa nusu. Ingekuwa chura, ningekuwa nimemuua. Chura hanywi kwa mdomo. Hunywa kwa ngozi ya tumbo, na sehemu kubwa ya pumzi yake pia hupitia ngozini. Chumvi ile ingemfyonza maji mwilini.

24 na 25 Juni, Jumanne na Jumatano

Nimepata maji, na nimepata zaidi ya maji.

Jumanne jioni nilikuwa napita barabara ya Moi nikielekea kituo cha matatu. Mbele ya duka moja la dawa kuna mrija mweupe unaotoka ukutani, chini ya mashine ya kupoza hewa, nao hudondosha maji mchana kutwa. Nimeruka kidimbwi chake kwa miaka. Safari hii nilisimama. Nilikinga kiganja: maji baridi, masafi, hayana harufu. Nikaonja. Hayana ladha yoyote.

Nikaingia nikamsalimu mwenye duka, mzee wa makamo, nikamwuliza kama naweza kukinga maji yake.

"Yale ya mtaroni? Chukua, mwanangu. Lakini wayatakia nini?"

Nilimweleza habari za chura. Alisikiliza mpaka mwisho, akamtuma kijana alete dumu la lita 20 na kulitia chini ya mrija. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, siku iliyofuata, lilikuwa limepata lita 13.

Niliyafikiria maji yale usiku wote. Hayakutoka bombani wala kisimani. Yametoka hewani. Upepo wa kusi unavuma kutoka baharini ukiwa umelowa, unaingia dukani kila mlango ukifunguliwa, unagusa bati baridi ndani ya mashine, na mvuke unageuka matone. Sasa panua picha hiyo. Upepo uo huo unaiacha Mombasa, unapita Mariakani, unapita nyika ya Taru ambako ardhi ni nyekundu na kavu na hakuna kinachouinua, kwa hiyo haushushi kitu. Kisha unagonga milima ya Taita. Hauna njia ila kupanda. Kila mita 100 unazopanda unapoteza digrii moja hivi, mpaka ufike mahali ambapo hewa haiwezi tena kubeba mvuke wake. Hapo linazaliwa wingu, na wingu hilo linapita katikati ya miti. Majani, matawi na kuvumwani ndiyo lile bati baridi. Hukinga, hudondosha.

Kwa hiyo maji yanayolowesha mayai ya chura wa Dawida, sehemu yake ni mvuke uliopita juu ya vichwa vyetu hapa kisiwani. Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi nikaibandika juu ya sanduku. Mradi umebadilika maana kwangu tangu leo.

5 Julai, Jumamosi

Stima ilipotea tangu usiku wa Alhamisi hadi Ijumaa adhuhuri. Sanduku lilipanda mpaka digrii 26. Kuvumwani mpya haikufa lakini imepoteza rangi. Kioo cha pili kimefungwa, vifuko vya viatu 34 vimekusanywa, na sasa unaona ndani vizuri hata baridi ikiwa 15.

18 hadi 20 Julai, Taita

Tulikwenda saba: mimi, mzazi mmoja na wanafunzi watano. Treni ya asubuhi kutoka Miritini hadi Voi, kisha matatu kupitia Mwatate hadi Wundanyi. Kuanzia Mwatate barabara inajipinda na kupanda, na kila kona watoto walikuwa wakisoma kipimajoto kwa sauti kama wapiga debe. Mwatate 25. Wundanyi 18. Aliyekuwa na fulana pekee alijifunika kanga yangu.

Mama mmoja Mtaita aliyekaa nasi matatuni aliuliza twaenda wapi. Kusikia ni habari za msitu, akatusimulia juu ya fighi, yale maeneo matakatifu ya ukoo ambako wazee wa Kitaita hawakuruhusu mti ukatwe. Alisema bibi yake alikuwa hata kuni hazisombi huko. Ukitazama milima kutoka mbali unaona kwa nini hilo lilikuwa na maana: mashamba ya mahindi, maharage na migomba yamepanda mpaka karibu kila mahali panapolimika, na msitu wa asili umebaki kama mabaka juu ya vilele. Ngangao, tulikokwenda, ni hekta 120 hivi. Chawia ni mdogo zaidi. Vingine kama Fururu na Mwachora ni vya hekta chache tu, mtu akiwa na haraka avuka kimoja kabla hajachoka.

Jamaa wengi wa karibu wa chura huyu wako Tanzania, kwenye milima ya Usambara, Pare na Nguru, ambayo pamoja na Taita hufanya Milima ya Tao la Mashariki. Taita ndiyo ncha yake ya kaskazini. Mmoja wa jamaa hao, wa Usambara Magharibi, ana jina la kisayansi ambalo ni Kiswahili kitupu: Callulina kisiwamsitu. Nililiandika daftarini kwa watoto wakalisoma mara mbili. Sisi watu wa kisiwani tunalielewa bila kufafanuliwa. Kati ya mlima na mlima kuna nyika ya joto, na kwa chura wa sentimita chache anayehitaji ngozi yake ilowe, nyika hiyo ni bahari.

Kabla ya kuingia Ngangao tulisugua viatu kwa brashi na kuvinyunyizia dawa, soli na mikunjo yote. Kuna kuvu wa ngozi aliyeangamiza vyura katika nchi nyingi, na matope ya kiatu yanaweza kumsafirisha. Watoto walifanya bila kunung'unika.

Mchana wa Jumamosi haukunyesha. Naliandika hili kwa makusudi: haukunyesha hata kidogo, ila ukungu ulipita mitini kama moshi wa jikoni. Tuliweka mabeseni mawili ya ukubwa mmoja, moja uwanjani penye nyasi, jingine chini ya mti mkubwa wenye ndevu za kuvumwani kila tawi. Baada ya saa mbili la uwanjani lilikuwa limelowa tu, ukilipitisha kidole. La chini ya mti lilikuwa na maji ya kujaza nusu kikombe cha kahawa. Mwanafunzi aliyekuwa amenyamaza siku ile ya Juni ndiye aliyelibeba, akaliinamia, akasema, "Mwalimu, hii ni AC."

Kando ya msitu wa asili kuna mikaratusi na misonobari iliyopandwa zamani. Tulitembea humo pia. Gome la mkaratusi hubambuka vipande vipande, kwa hiyo halishiki kuvumwani, na chini yake majani makavu ni magumu, yanakatika miguuni. Chini ya miti ya asili unakanyaga bila sauti. Kiongozi wetu alisema msitu wa kupanda unaweza kuonekana kijani ukiutazama kutoka Wundanyi, lakini mnyama wa chini hadanganyiki. Nakubaliana naye kabisa, na nadhani tunapohesabu miti iliyopandwa bila kusema ni miti gani, tunajidanganya sisi.

Usiku, saa mbili na nusu, digrii 13. Kiongozi alitupa masharti: hakuna gogo litakaloinuliwa. Huenda chini yake kuna jike na mayai, na ukimfukuza hata kwa dakika kumi umelivunja lile kasri la unyevu alilolichagua. Tutatazama kilicho juu tu, kwa tochi, tena taratibu. Tulitembea saa moja na robo. Tuliona kinyonga aliyelala amefifia rangi, konokono, na vijichura vidogo vya majanini ambavyo vipo vingi. Vidole vyangu havikuhisi tena.

Kisha kiongozi akasimama na kuinua mkono. Kwenye kijitawi, kimo cha goti langu, alikuwa amekaa.

Nitaandika nilichoona kabla sijasahau. Ni wa mviringo kuliko nilivyodhania, kama donge la udongo alilolifinyanga mtoto akalikalisha juu ya kijiti. Rangi ya kahawia ya majani yaliyolowa. Ngozi nzima ina vipele, na juu ya kila kipele palikuwa na tone la ukungu, dogo kama kichwa cha pini, kila tone likiwa na mwanga wa tochi ndani yake. Miguu mifupi. Macho meusi, hayakupepesa. Tulingoja aruke, vyura tunaowajua huruka. Yeye aliinua mguu mmoja wa mbele, akauweka. Akainua wa nyuma. Alitembea kijitini, hatua moja baada ya nyingine, bila haraka, kama kinyonga. Alipofika penye jani akashuka nyuma yake, tukazima tochi.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Nilisikia matone yakianguka msitu mzima, toka juu mpaka chini, na mvua haikuwepo.

26 Julai, Jumamosi

Chura wa udongo tuliyekuwa tumemfinyanga kabla ya safari tumemvunja. Alikuwa na miguu mirefu ya kurukia, na mdomo wa chura wa katuni. Mpya amefinyangwa na wale watano waliomwona, na wale sita ambao hawakwenda waliuliza maswali mpaka wakaridhika. Vipele tuliviweka kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti cha meno. Tumetengeneza pia jike aliyekaa juu ya mayai, ila yeye atawekwa ndani ya gogo lililochongwa upande mmoja, mtazamaji achungulie kwa tundu. Mayai ni shanga kubwa za rangi ya maziwa zilizopakwa gundi.

9 Agosti, Jumamosi

Mwanafunzi mmoja ameuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa tangu mwanzo: ikiwa sisi twaweza kutengeneza ukungu kwenye sanduku, kwa nini watu wazima wasiutengeneze msituni?

Niliwaeleza habari za Kihansi. Huko Tanzania, milima ya Udzungwa, kuna korongo lenye maporomoko ya maji, na rasharasha ya maporomoko hayo ililowesha kipande cha ardhi kisichozidi hekta chache. Humo mwaka 1996 alikutwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyetaga; huzaa watoto walio hai. Hakuonekana penginepo duniani. Mwaka 2000 maji ya mto yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme na sehemu kubwa ya rasharasha ikakatika. Watu walifanya hasa alichouliza mwanafunzi wangu: walitandaza mabomba ya kunyunyizia maji kwenye korongo, ukungu wa kutengenezwa. Vyura karibu 500 walipelekwa Marekani. Kwa muda wale wa korongoni walionekana kuinuka, kisha wakaanguka ghafla, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Waliobaki walikuwa kwenye vyumba vya kioo katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, huko Marekani. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

"Kwa hiyo yawezekana," akasema.

Nilimjibu kwamba waliookolewa waliokolewa kwa kazi kubwa ya watu wa nchi mbili, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini umeme ule Tanzania iliuhitaji kweli, na mtu hawezi kuuzungumzia kama uovu. Kinachoniuma ni kwamba ukungu ulikatwa kabla mtu hajajua nani anautegemea na kwa kiasi gani. Taita tunajua. Jina lipo tangu 2009, ramani za misitu zipo, beseni tumeliona kwa macho yetu. Na huko hakuna bomba la kunyunyizia linaloweza kuchukua nafasi ya upepo wa bahari ukikutana na kilele chenye miti.

Tulibishana saa nzima. Mwingine akauliza, hewa ikizidi joto je? Nilichora mlima ubaoni. Hewa ikiwa na joto zaidi inabidi ipande juu zaidi kabla ya kugeuka wingu, na chura anaweza kulifuata wingu mpaka kilele kinapokwisha. Kilele cha Vuria, kirefu kuliko vyote Taita, ni mita 2,208. Baada ya hapo ni anga.

16 Agosti, Jumamosi

Jaribio la usiku mzima, la tatu. Watoto wawili na mzazi mmoja walikesha kwa zamu nyumbani kwangu, wakiandika kila nusu saa. Shabaha: joto lisipite digrii 17, unyevu usishuke chini ya asilimia 95, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Saa nne usiku joto lilikuwa 15, unyevu 97. Saa sita kompresa ilijizima kwa joto lake yenyewe, ikapumzika dakika 40. Sandukuni ikafika 19. Saa nane maji ya kisahani yalikwisha bila mtu kujua, unyevu ukashuka hadi 81 kabla hayajaongezwa. Saa kumi yote yalikaa sawa. Jumla, tulishika shabaha kwa saa saba kati ya kumi na moja.

Na huu ni wakati wa kusi, miezi ya baridi yetu, ambapo tunalala na shuka. Januari tungeshindwa kabisa. Sanduku la sentimita 90, fundi hodari, watu wanne macho, lita sita za maji ya duka la dawa, na hatukuweza kushika usiku mmoja. Yule mwanafunzi wa kidato cha pili alifunga daftari saa kumi na mbili akaniambia, "Mwalimu, sasa nimeelewa kwa nini hukutaka tumlete." Nilimkaanga mayai akala akaenda kulala.

23 Agosti, Jumamosi

Fundi ameongeza feni ndogo ya kupoza kompresa na kukataa malipo. Maelezo ya ukutani yamekamilika, yote kwa Kiswahili, maandishi makubwa. Tumeweka dumu jingine kwa Ami, yule mzee wa duka la dawa.

30 Agosti, Jumamosi

Walianza kuja saa tatu. Watoto kwanza, halafu mama zao, halafu baada ya swala ya adhuhuri wazee. Tuliacha tundu moja ubavuni, kubwa kiasi cha mkono, lililofunikwa kwa mpira uliochanwa, ili anayetaka aingize mkono ausikie ukungu. Wengi walitoa mkono wakautazama pande zote mbili. Msichana mdogo aliuingiza mara nne, na kila mara alirudi nyuma ya foleni.

Watu walichelewa kumwona chura. Yupo kijitini kimo kile kile, rangi ile ile ya majani, na mtu husimama dakika nzima akitafuta kabla ya kusema "aah". Hatukumwonyesha mtu kwa kidole. Watoto wetu waliokwenda Taita ndio waliosimama hapo, na kila mmoja alieleza kwa maneno yake jinsi anavyotembea badala ya kuruka, wakiiga kwa mikono juu ya ukingo wa meza.

Alasiri alikuja mzee mmoja wa Mji wa Kale, nahodha wa jahazi zamani. Alisoma maelezo ya ukutani polepole, yote, akafika penye mchoro wa upepo: bahari, kisiwa, nyika, mlima. Akauliza huu ni upepo gani.

"Ni kusi, mzee."

"Kusi nalijua. Ndilo lililotupeleka Arabuni." Akagusa mchoro wa mlima. "Na hili sikulijua, kuwa likitupita sisi laenda kunywesha huko."

Akaingiza mkono tunduni, akauacha humo muda mrefu, macho ameyafumba. Alipoutoa ulikuwa na matone kwenye malaika. Hakuupangusa.

Kipimajoto kilikaa 16 mchana kutwa. Stima haikupotea. Ukumbi umetukubalia sanduku libaki hadi mwisho wa Septemba, kwa hiyo zamu za maji zaendelea: Jumatatu na Alhamisi wavulana, Jumamosi mimi. Ami amepiga simu jioni kusema dumu lake limejaa tangu jana na lamwagika mlangoni. Kesho baada ya chai naenda kulichukua.